Wagonjwa wa mionzi "wameridhika" wote kwenye fomu. Nipimeje kinachowapata kweli?

MlangoMzito aliandika:

Habari zenu wakuu. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya mionzi, yaani yule anayekulaza kwenye kitanda cha mashine, anakusogeza milimita kwa milimita mpaka mistari ya leza ikae juu ya alama zako, kisha anatoka na mlango mzito unafungwa nyuma yake. Kazi yangu naipenda. Ninachouliza leo hakihusu mashine.

Idara yetu ina fomu moja ambayo mgonjwa hupewa siku anayomaliza dozi. Maswali ni yale mnayoyajua: mapokezi yalikuwaje, ulisubiri sana au kidogo, wahudumu walikuwa na lugha nzuri, kwa ujumla umeridhika kiasi gani, zungushia moja mpaka tano. Kila robo mwaka tunajumlisha, tunapata wastani unaogusa dari, grafu inabandikwa ukutani, mkuu wa idara anafurahi.

Lakini mimi ndiye ninayebaki na watu hao wakati wanafunga vifungo vya shati. Mzee mwenye saratani ya koo ameacha kumeza kitu chochote kigumu. Ananiambia mimi badala ya daktari, kwa sababu mimi ndiye ananiona kila siku. Mama mwenye saratani ya titi ananiuliza kwa sauti ya chini kama anaruhusiwa kumbeba mjukuu wake jioni, au atamchoma mtoto kwa mionzi. Hilo lilikuwa swali la kujibiwa kabla hajaanza, tena kwa sentensi moja: mionzi ya mashine ya nje haibaki mwilini, mbebe tu. Amekuja na woga huo siku hadi siku na fomu yetu haina mstari wa kuuandika. Kuna kijana alikuwa anatetemeka magoti kila akiitwa jina. Fomu yake ninayo: tano, tano, tano, mpaka chini.

Sasa nimekabidhiwa kazi ya kutengeneza kipimo kipya cha "uzoefu wa mgonjwa". Uhuru nimepewa, msaidizi sijapewa. Nitumie dodoso lililokwisha kutengenezwa au nitunge langu? Niulize lini? Na nani amkabidhi mgonjwa fomu? Tafadhali mtu asiniambie niweke tableti mapokezi. Nitaiweka nikishajua cha kuuliza.

---

SistaWaMapitio alijibu:

Kaka MlangoMzito, hongera na pole kwa pamoja. Mimi ni muuguzi, nafanya kliniki ya mapitio ya kila wiki kwa walio kwenye mionzi, kwa hiyo hao wako wa kufunga vifungo ndio wangu.

Fomu yenu imekoroga vitu viwili. Kuna yale ambayo tiba inamfanyia mtu: uchovu, koo kuwaka, ngozi kubadilika, kukimbilia choo usiku, usingizi kupotea. Na kuna namna alivyohudumiwa: alielezwa nini, alisubirishwa vipi, alifunikwa mwili au aliachwa wazi mbele ya watu. Mtu anaweza kuhudumiwa kwa upole wa ajabu huku kooni kunawaka moto. Akizungushia tano hajadanganya, amejibu ulichomuuliza.

Kwa upande wa mwili na maisha, usitunge. Kuna QLQ-C30 la EORTC, taasisi ya Ulaya ya utafiti na tiba ya saratani. Lilichapishwa 1993, lina maswali 30, mengi yanahusu wiki iliyopita, na majibu ni manne kuanzia "hapana kabisa" hadi "sana sana". Mawili ya mwisho tu ndiyo yanajibiwa 1 hadi 7, yanauliza hali ya afya na ubora wa maisha kwa ujumla. Juu yake unaongeza dodoso la eneo husika: H&N35 kwa kichwa na shingo, BR23 kwa titi, PR25 kwa tezi dume, CX24 kwa shingo ya kizazi. Ukiomba kwa kazi ya kitaaluma hulipishwi. Tafsiri pia iombe kwao, usikeshe ukitafsiri mwenyewe, maana swali likibadilika kidogo tu huwezi tena kulinganisha na mtu yeyote.

Kuna na PRO-CTCAE ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Hiyo ni ghala la dalili 78. Huchukui zote, unachagua zinazomhusu mgonjwa wako. Kutegemea na dalili, inauliza imetokea mara ngapi, ilikuwa kali kiasi gani, na imekuzuia kiasi gani kufanya shughuli zako. Hilo la tatu nalipenda kuliko yote. Sisi watumishi tukipima dalili wenyewe huwa tunaandika chache na nyepesi kuliko anavyosema mgonjwa. Hilo limeonekana tena na tena kila wanapolinganisha faili la daktari na jibu la mgonjwa wa siku hiyo hiyo.

Sasa suala la lini, na hapa nakuomba usome polepole. Ngozi huanza kuwa nyekundu kama wiki ya pili au ya tatu ya tiba, na ubaya wake hufika kileleni wiki moja au mbili BAADA ya dozi ya mwisho. Vidonda vya mdomoni vinaanza wakati huo huo na havifungi virago siku ya kuagana, vinakaa wiki kadhaa. Uchovu unapanda kidogo kidogo na mara nyingi unazidi pale mtu anapodhani amemaliza. Kwa hiyo nyinyi mnampa fomu, anapigiwa makofi, anaondoka, halafu wiki ngumu kuliko zote anazipitia nyumbani ambako hakuna anayeuliza.

Na mambo yamezidi kuwa hivyo kwa sababu ratiba zimefupishwa. Titi siku hizi ni Grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 40 kwa mara 15, na kuna ya Grei 26 kwa mara 5, wiki moja imekwisha. Huyo wa wiki moja siku ya mwisho ngozi yake haijaanza hata kubadilika. Atakuandikia hana tatizo lolote, na atakuwa mkweli.

Halafu kuna madhara ya kuchelewa. Kawaida tunayaita hivyo yakitokea baada ya siku 90: kinywa kukauka moja kwa moja, ngozi kukakamaa, utumbo na kibofu kusumbua. Mengine yanatokea baada ya mwaka na zaidi. Kama kipimo chako kinaishia mlangoni, hayo hutayaona kamwe.

---

Kisirani alijibu:

Mnazidisha. Mgonjwa wa saratani anataka kupona. Mashine ifanye kazi, foleni isogee, dozi iwe sahihi. Maswali 30 ya mtu anajisikiaje ni anasa.

---

Kinyago alijibu:

Kisirani, mimi nimelala chini ya hiyo mashine. Ngoja nikueleze anasa.

Nilikuwa na saratani ya koo. Ukitibiwa sehemu hiyo unatengenezewa kinyago. Wanachukua bamba la plastiki lenye matundu, wanalitia kwenye maji ya moto mpaka linalegea, wanalishusha usoni na kulivuta mpaka mabegani. Likipoa linakuwa gumu na limeshika pua yako, kidevu chako, taya lako. Kuanzia hapo kila siku ya tiba unalala chali, kinyago kinashushwa, kinabanwa kwenye kitanda upande huu na upande ule, unasikia tak, tak, tak. Kichwa hakigeuki. Mdomo haufunguki. Kumeza mate ni kazi. Ukitoka, paji la uso limechorwa miraba ya matundu na unavuta kofia ili watu wa kwenye benchi wasione.

Sababu yake naijua, nilielezwa vizuri: kichwa kikicheza, dozi inaangukia pasipotakiwa, na uti wa mgongo uko pale pale jirani. Sina ugomvi na kinyago. Ila kuelewa sababu hakukunizuia kuhisi nafunikwa kaburini nikiwa mzima.

Nilipewa kitufe cha kushika mkononi, nibonyeze nikizidiwa. Sasa sikiliza MlangoMzito, hili ndilo la kwako. Sikujua nikibonyeza kitatokea nini. Nilidhani nikikatisha katikati dozi ya siku hiyo imeharibika, labda na tiba nzima imeharibika. Nikajiapiza sibonyezi hata nikisongwa na mate. Ni wiki za mwisho kabisa ndipo nilipomsikia mmoja wenu akimwambia mgonjwa mpya kwamba mashine inasimamishwa, mtu anahudumiwa, kisha inaendelea pale ilipoishia. Maneno hayo tu. Nilikuwa nimebeba hofu hiyo bure.

Fomu yangu ya mwisho iliniuliza wahudumu walikuwa na lugha nzuri? Walikuwa nayo, tena sana. Tano. Nimeridhika? Mimi niliingia nikidhani nakufa, natoka natembea kwa miguu yangu. Tano! Na aliyenipa fomu ni yule yule aliyekuwa ananibana na kunibandua, anajua jina la mke wangu, amesimama pale anasubiri kalamu yake. Wewe ungemwandikia mbili?

Kwa hiyo mimi ningekuwa wewe, nisingeuliza mtu ameridhika kiasi gani. Ningeuliza nini kilitokea na nini hakikutokea. Kabla ya siku ya kwanza kuna mtu alikuonyesha kinyago na kukueleza kitakavyobana? Ulijua ukibonyeza kitufe nini kinafuata? Mashine ilipoharibika, uliambiwa utasubiri mpaka saa ngapi, au ulikaa tu ukiangalia mlango? Kuna siku ulitamani usije, na ni kwa sababu gani? Mtu anajibu ndiyo au hapana bila kuona kama anamsema mtu vibaya.

Halafu dada SistaWaMapitio, hilo H&N35 nimelijaza, niliwekwa kwenye ufuatiliaji baadaye. Mengi ni ya kawaida, mate kuwa mazito, meno, sauti kukwama. Nikafika kwenye swali linalouliza kama umekuwa na shida kula mbele ya familia yako. Niliweka kalamu chini. Nilikuwa nimeshahamishia sahani yangu chumbani, kila mtu nyumbani anajua na hakuna anayesema, kwa sababu nikila nakohoa na kutokwa na vitu puani. Hakuna daktari aliyewahi kuniuliza, na mimi sikujua kama hilo ni la kumwambia daktari. Karatasi ndiyo iliyoniuliza. Nilipoandika "sana sana", wiki iliyofuata nikapelekwa kwa mtaalamu wa kumeza, akanifundisha kuinamisha kidevu na kumeza kwa zamu. Hiyo ndiyo anasa, ndugu yangu.

---

Kisirani alijibu:

Nimekusoma. Pole mkuu. Ila bado nasema maswali 30 kwa mtu mwenye homa ni mengi.

---

TakwimuTu alijibu:

Mimi ni mtu wa namba na chumba cha mionzi sijawahi kukiingia, kwa hiyo nitajibu yaliyo yangu.

Wastani wenu utupeni. Pale ambapo karibu kila mtu anajibu tano, kipimo kimegonga ukomo: huduma ikiboreka hakiwezi kupanda, na ikizorota kidogo hutaona. Maswali ya Kinyago yanakupa kitu tofauti. "Kati ya kila wagonjwa kumi waliovaa kinyago, watatu hawakujua kazi ya kitufe." (Natoa mfano, sijapima.) Namba hiyo ina mwenyewe, kesho asubuhi mtu anajua abadilishe nini. Wastani wa nne nukta sita hauna mwenyewe.

Kuhusu QLQ-C30: majibu yanageuzwa kuwa alama 0 hadi 100, na kila siku nakutana na watu waliozichanganya. Kwenye vipengele vya uwezo, mfano kufanya kazi au kutembea, alama kubwa ni nzuri. Kwenye dalili, mfano maumivu, alama kubwa ni mbaya. Usijumlishe vyote kienyeji ukapata "alama ya uzoefu". Upo mjumlisho rasmi lakini unageuza dalili kwanza. Mtu akiruka swali kwenye kipengele chenye maswali kadhaa, mwongozo wao unakuruhusu kuhesabu kipengele hicho ikiwa amejibu angalau nusu yake.

Mabadiliko kiasi gani yana maana? Osoba na wenzake mwaka 1998 waliwauliza wagonjwa wenyewe kama wanaona wamebadilika. Alama 5 hadi 10 wagonjwa waliziona kama mabadiliko kidogo, 10 hadi 20 ya kati, zaidi ya 20 makubwa. Usije ukaandika ripoti nzima juu ya tofauti ya alama mbili.

Pima kabla ya dozi ya kwanza. Hili halina mjadala. Mwanamume mwenye saratani ya tezi dume anaweza kuwa tayari anaamka usiku kwenda kukojoa kabla hajaiona mashine. Usipokuwa na kipimo cha mwanzo, lawama yote itaangukia mionzi, au mbaya zaidi, utasema "ni umri tu" kwa mtu ambaye mionzi ndiyo iliyomharibia.

Na watu huzoea. Mtu aliyesema "sana" mwezi wa pili anaweza kusema "kidogo" mwaka ukipita wakati kinywa kimekauka vile vile. Kipimo cha ndani ya kichwa chake ndicho kilichohama. Kwa hiyo pamoja na hisia uliza vitendo: unaamka mara ngapi usiku kunywa maji, umerudi kazini, unakula na wenzako?

Mwisho, na ndilo kubwa kwangu: fomu zisizorudi. Nani hakujaza? Ukiona wastani unapanda kadiri wiki zinavyokwenda, angalia kwanza kama waliozidiwa wameacha kujaza. Wagonjwa hasa ndio wanaopotea kwenye data, na ripoti inang'aa kwa sababu yao. Kila fomu ikikosekana andika sababu: amekataa, alikuwa mgonjwa mno, hakupewa. Hiyo ya "hakupewa" utashangaa ukubwa wake.

---

MamaWaPili alijibu:

Nisameheni naandika polepole.

Mimi nilitibiwa shingo ya kizazi. Kwanza mionzi ya nje, baadaye ya ndani, ile ya kuwekewa vyombo kwenye uke na kukaa bila kujisogeza mpaka wamalize. Fomu niliyopewa ilikuwa ya mashine ya nje. Ya ndani hakuna aliyeiulizia, wakati kwangu ya nje ilikuwa matembezi na ya ndani ndiyo tiba niliyoiogopa. Maumivu ya kutoa vile vyombo nayakumbuka kuliko kuvaa. Kaka MlangoMzito kama idara yenu inafanya zote mbili, usiweke swali moja "tiba ilikuwaje". Mtu atajibu ipi?

La pili ni la ndoa. Uke unafinyika na kukauka baada ya mionzi, na kuna vifaa na mazoezi ya kuzuia usifungane. Mimi niliambiwa haraka haraka siku ya kuondoka, mume wangu yupo, kijana wa kiume anaandika faili, nikaitikia tu ili yaishe. Hilo CX24 aliyolitaja sista lina maswali ya mambo hayo. Nililipewa kwenye kliniki ya marudio, kwenye karatasi, nimekaa kona peke yangu, nikajibu kila kitu. Ana kwa ana nisingejibu. Kwa hiyo ukisema nani aulize, mimi nasema kwa mengine aulize muuguzi, kwa hayo iulize karatasi, na pembeni pasiwe na ndugu.

Maana ndugu nao ni shida. Binti yangu alitaka kunijazia. Ananipenda, lakini alikuwa anaandika woga wake.

---

TakwimuTu alijibu:

Mama, hilo la binti lina ushahidi. Ndugu wakimjibia mgonjwa, mara nyingi wanakadiria hali kuwa mbaya kuliko anavyoiona mwenyewe, hasa upande wa hisia. Kwenye vitu vinavyoonekana kwa macho, kama kutembea, wanakaribiana. Asiyesoma asomewe na mtu asiyemhudumia, neno kwa neno bila kufafanua, na aliyesoma aweke alama kwamba fomu hii ilisomwa.

---

MlangoMzito alijibu:

Sikutegemea haya. Nimeyachapa nikaenda nayo kwenye kikao cha asubuhi.

Kinyago, suala la kitufe limeshabadilishwa bila kusubiri dodoso. Siku ya kutengeneza kinyago mgonjwa anabonyeza mwenyewe mara moja, anasikia kinavyolia huku, anatuona tunaingia. Inachukua muda mfupi kuliko kumpanga kwenye leza.

Rasimu yangu ndiyo hii, ichaneni. Kabla ya kuanza: QLQ-C30 na dodoso la eneo. Kila wiki ya tiba: dalili chache tu kutoka PRO-CTCAE, zikiwa zimechaguliwa kwa eneo, ili Kisirani asinipigie kelele. Mgonjwa wa kichwa na shingo aulizwe kumeza, vidonda vya mdomo, maumivu, ladha, uchovu. Wa nyonga aulizwe kuharisha, haraka ya choo, kukojoa kwa maumivu, uchovu. Kisha simu wiki ya pili baada ya dozi ya mwisho, ambapo pia ndipo tutauliza yale ya "kilitokea au hakikutokea", maana atakuwa ameshatoka mikononi mwetu. Halafu dodoso kamili miezi mitatu na mwaka mmoja.

Kinachonisumbua: kila wiki nitapata karatasi. Wagonjwa wa mashine moja tu ni wengi. Nani anazisoma?

---

SistaWaMapitio alijibu:

Hilo ndilo swali lenyewe, na usianze kabla hujalipatia jibu. Kuna utafiti wa Basch na wenzake huko New York, kituo cha Memorial Sloan Kettering, wagonjwa 766 wenye saratani zilizosambaa. Nusu ya kwanza ya mambo ni ile ile yetu: mgonjwa anaripoti dalili zake mwenyewe kwa kompyuta. Nusu ya pili ndiyo inayosahaulika: dalili ikizidi, muuguzi anapata barua pepe papo hapo. Matokeo ya 2017 yalionyesha waliokuwa wakiripoti hivyo waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 31.2, wenzao wa huduma ya kawaida 26.0. Angalizo: hao walikuwa kwenye dawa za kemo, si mionzi, kwa hiyo usiende kikaoni ukaahidi miezi mitano. Ninachokuonyesha ni yule muuguzi aliye upande wa pili wa barua pepe. Ukimtoa, umebaki na karatasi.

Kwenu mashine haina kompyuta ya kutuma ujumbe? Basi weka kizingiti cha kalamu. Akijibu "kali" au "kali sana" kwenye kumeza au maumivu, karatasi haiendi kwenye boksi, inaletwa kwangu mkononi siku hiyo hiyo. Zilizobaki zisubiri mwisho wa wiki. Mwezi wa kwanza hesabu ngapi zimevuka kizingiti. Zikiwa nyingi kuliko tunavyoweza kuhudumia, hiyo ndiyo namba ya kumpelekea mkuu wa idara, maana hapo unaomba muuguzi wa pili ukiwa na ushahidi.

Na kwenye karatasi yenyewe andika juu kabisa nani atasoma na lini. Mgonjwa akiona wiki ya kwanza kaandika "kali" na hakuna aliyemfuata, wiki ya pili atakuandikia "hapana kabisa". Si kwamba amepona.

---

Kinyago alijibu:

Sahihi kabisa. Nilifanya hivyo.

MlangoMzito ongeza kitu kimoja kwenye ile simu ya wiki ya pili. Mpigaji asianze na "unaendeleaje?" Nitamwambia namshukuru Mungu, na simu itaishia hapo. Aanze na "jana ulimeza nini?"

---

MamaWaPili alijibu:

Na akipiga kwa wa nyonga aulize kwanza uko peke yako hapo ulipo.

---

MlangoMzito alijibu:

Vyote viwili nimeviingiza. Simu atapiga muuguzi wa mapitio mchana ule mashine inapokuwa kwenye ukaguzi, maana hapo korido inatulia na chumba kidogo kinapatikana. Barua ya kuomba madodoso kwa EORTC nimeiandika jana, nasubiri jibu. Kisirani, karatasi ya kila wiki imebaki na maswali matano. Njoo uyahesabu.

---

Kisirani alijibu:

Matano sawa. La uchovu liweke la kwanza, kabla hajachoka kujibu.